Mifuko Elfu Ishirini ya Ekua Bentsiwa

Waliokuwepo asubuhi ile ya Alhamisi kwenye benchi la kona ya Zongo, Kwesimintsim, mjini Takoradi, walikuwa hawa. Wa kwanza ni Alhassan Mamudu, mwuza kahawa na mkate, mwenye benchi, ambaye watu humwita Alhaji ingawa Makka hajafika. Wa pili ni Ebenezer Kwesi Quayson, baharia mstaafu, jina la kijiweni Bosun. Katika meli alikuwa mpishi msaidizi. Wa tatu ni Godfried Ato Dadzie, tarishi wa mahakama kwa miaka ishirini na miwili, jina la kijiweni Wakili. Wa nne ni Patrick Kofi Ackon, mtu wa miaka arobaini, mtengenezaji wa mabango ya misiba, jina la kijiweni Bango. Wa tano ni Josiah Kobina Arkaah, miaka themanini na minne, mchapaji mstaafu. Huyu hakuwa na jina la kijiweni kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpa. Walimwita Papa. Wa sita hakuwepo yeye, ilikuwepo picha yake tu: Ekua Bentsiwa Eshun, ambaye kila mmoja pale alikuwa amemshika mkononi, amefungiwa mkate wa siagi.

— Alhaji, mkate wangu umeshikwa na marehemu, alisema Bosun.

— Marehemu gani? Mama wa watu yuko hai. Wiki iliyopita kapita hapa, kanigombeza kwamba kahawa yangu nyepesi.

— Ndiyo hapo sasa. Anakugombeza na huku ameshachapwa.

Walicheka. Papa Arkaah hakucheka. Aliupapasa mfuko kwa kidole gumba, kama alivyozoea kupapasa karatasi tangu mwaka 1958. Ulikuwa mfuko mzuri, na hilo ndilo lililomuuma. Mgumu kiasi, laini kiasi, zipu inayofunga kwa mlio mmoja safi, na ndani utando wa fedha ambao haupitishi harufu. Nje, juu ya nyeupe, kulikuwa na uso wa Ekua Bentsiwa akitabasamu kwa meno yake machache, chini yake jina, na chini ya jina maneno kwamba huu ni unga wa kamba waliokaushwa kwa moshi, wa kuungia mchuzi na supu. Kuuzunguka uso huo kulikuwa na fremu.

Fremu ilitakiwa iwe ya buluu. Ilikuwa nyeusi.

Katika mji ule uso wa mzee ndani ya fremu nyeusi, juu ya nyeupe, una maana moja tu. Hubandikwa ukutani na kwenye nguzo za umeme, na chini yake huwa na tarehe ya maziko. Binti yake Bentsiwa, Araba Mensima Eshun, alikuwa ameagiza mifuko elfu ishirini kutoka kiwanda kimoja cha Wachina, huko Guangdong. Mwenye duka la Accra, aliyekuwa amemuahidi rafu nzima, alitazama mfuko mmoja tu akaurudisha. Alisema hawezi kuweka marehemu karibu na chakula. Araba aligawa mafurushi mawili kwa Alhassan afungie mkate, na mengine yamejaa chumbani kwake mpaka dirishani. Asubuhi hii wakala wa mizigo alikuwa anakuja kutoka Tema na jibu la kiwanda. Kama kiwanda kitakubali kuchapa upya, duka la Accra bado litampokea. Kama hakitakubali, Araba hana mtaji wa mara ya pili. Atarudi kuuza unga wake kwa kipimo cha kopo sokoni, kama alivyoanza.

Yeye mwenyewe hakuweza kuja. Mama yake alikuwa na homa tangu Jumatatu. Jana yake alimpigia Papa simu: "Papa, wewe ndiye unayejua mambo ya karatasi. Utakachosema wewe ndicho changu."

— Mimi nawaambia ni chumvi, Bosun alianza. Buluu haivuki bahari. Tulitoka Shanghai na mapipa ya buluu, buluu kama anga, tunafika Durban yamekuwa makaa.

— Mapipa hayo uliyaona wapi, jikoni? Wakili aliuliza.

— Jikoni kuna dirisha.

— Na vitunguu pia, navyo vinatoa machozi. Labda hukuona vizuri.

— Wewe umewahi kuvuka maji gani, Wakili? Dimbwi la mahakamani?

— Tulia, Bosun. Chumvi haichagui, Bango alisema. Ingekuwa chumvi na nyeupe ingeharibika. Uso wa Maame Bentsiwa nao ungeharibika. Mbona mashavu yake yako vilevile?

— Wewe Bango ndiye wa kunyamaza kabisa, Wakili alimgeukia. Fremu hiyo umeitoa wapi? Ni ileile unayowapigia marehemu wako. Hata yale maua mawili ya pembeni nayajua. Shemeji yangu alizikwa nayo.

— Fremu ni fremu! Nilikuwa nayo tayari, ningechora nyingine ya nini? Rangi nilibadilisha. Niliweka buluu. Kwenye kompyuta yangu mpaka leo ni buluu, twende dukani ukaione.

— Duka lako lenyewe limejaa maiti.

— Limejaa wateja.

Papa alijua kwamba Bango hasemi uongo. Februari, Bango alipomwonyesha ile kazi kwenye kioo cha kompyuta, Papa alimwambia mbele ya Araba kwamba buluu ya kioo ni mwanga na buluu ya karatasi ni wino. Ile ya kioo inang'aa kwa sababu ina taa nyuma yake. Ikishuka kwenye wino, buluu nzito huzama mpaka inakuwa usiku. Wachapaji wana kitabu cha rangi chenye namba, unataja namba na hakuna ubishi. Bango hakuwa na kitabu hicho. Basi Papa akasema neno ambalo Araba aliliandika kwenye daftari: usikubali picha ya simu, usikubali maneno matamu, mwambie mwenye kiwanda akuchapie karatasi moja kwa wino wake mwenyewe, kwenye utando wake mwenyewe, akutumie. Ukiridhika unatia sahihi, unamrudishia nusu, unabaki na nusu. Atakachochapa baadaye kitapimwa kwa karatasi hiyo.

Lilikuwa shauri zuri. Kila kitu Araba alikifanya kama alivyoambiwa. Karatasi ilikuja kwa ndege.

— Mnajua tatizo letu ni nini? Wakili aliweka kikombe chini, akavuta pumzi kama mtu anayesimama mbele ya jaji. Tuulizane kwanza: Ghana tunaagiza nini kule? Chupa za maji zenye marehemu. Vipepeo vya mkononi vyenye marehemu. Fulana zenye marehemu, leso zenye marehemu. Kila mwezi! Sasa Mchina yuko kwenye mashine yake, anapokea picha ya bibi wa miaka themanini kutoka Ghana. Atafikiri nini? Anaona kuna buluu, anasema hawa watu wamekosea, wamefiwa hawa, wamechanganyikiwa, ngoja niwasaidie. Akatia nyeusi. Kwa huruma!

— Hapo umesema, Alhassan alikubali.

— Huruma ya nini? Bango alisema. Hiyo ni njama. Wamekula unga wa Araba.

— Wameula wapi?

— Si alituma pakiti tatu wapime ukubwa wa mfuko? Wameula, wameona utamu. Nawaambia saa hizi kule kuna majiko ya moshi yamepangwa barabara nzima. Mwakani utanunua unga wa kamba hapa Takoradi kwenye mfuko wa buluu, na kuna bibi wa Kichina juu yake.

— Akiwa hai, Bosun aliongeza.

— Akiwa hai kabisa!

Kicheko kilipanda, kikashuka. Alhassan alikoroga maziwa ya kopo kwenye kikombe cha Papa, akakisogeza karibu na mkono wake. Siku za karibuni alikuwa anakisogeza karibu zaidi kuliko zamani, bila kusema kitu.

— Nyinyi mnacheka, Alhassan alisema, lakini Jumamosi moja nilikuwapo New Takoradi, napeleka mkate. Gari la kukodi likasimama kwa Maame Bentsiwa. Kashuka dada mmoja kutoka Axim, binamu yao, kavaa nyeusi na nyeupe mwili mzima, chupa ya pombe kali mkononi, analia tangu mlango wa gari. Ameuona mfuko wa mkate wangu sokoni. Maame ndiye aliyemfungulia.

— We!

— Wallahi. Yule dada kaanguka palepale, chupa imepasuka. Maame kamwambia, "Ungeishika vizuri, ningekunywa mwenyewe."

Walicheka mpaka Bango akamwaga kahawa. Papa aliona jinsi walivyofurahi. Aliijua hadithi hiyo, na alijua sehemu yake ambayo Alhassan hakuiona, kwamba tangu siku hiyo Bentsiwa hakwenda tena kanisani. Alimwambia Papa kwamba watu wanamtazama mikono, wanatazama kama kivuli chake kipo. Alisema: "Josiah, unajua ni kitu gani kunitazama hivyo? Kila mtu ameshanilia, sasa wananidai nife."

Bosun alifuta macho kwa ukingo wa shati.

— Sawa. Lakini mnakumbuka kwamba mpwa wangu alikwenda kiwandani? Ebo. Anasoma kulekule. Papa ndiye aliyesema lazima mtu wetu aende kabla mzigo haujafungwa. Kijana kapanda treni kwa saa nne. Kafungua maboksi ya katikati, si ya juu, kama Papa alivyoagiza. Kanusa wino. Kajaza maji, kasimama juu ya mfuko. Kahesabu. Akaandika kila kitu ni sawa, sawa na karatasi iliyotiwa sahihi.

— Hapo ndipo penye mushkeli, Wakili alisema taratibu. Sawa na karatasi? Karatasi aliyoitia sahihi Papa ilikuwa buluu. Mifuko ni nyeusi. Usawa uko wapi? Ebo wako walimpa nini?

— Unasema nini?

— Nauliza tu. Kijana yuko ugenini, ana njaa. Bakuli la tambi, labda na nyama ya bata...

— Ato Dadzie! Bosun alisimama. Mtoto wa dada yangu hauzwi kwa bata!

— Sikusema bata mzima.

— Rudia uone!

— Kaeni chini, Papa alisema.

Walikaa wote wawili mara moja. Hata mtu aliyekuwa anaosha pikipiki ng'ambo ya barabara aligeuka kutazama.

Papa alikuwa amejiandaa tangu Jumapili. Jumapili hiyo Bentsiwa alimwita nyumbani kwake. Walijuana tangu shule ya Wamethodisti, Sekondi, mwaka 1947, ambako walikaa dawati moja kwa sababu mwalimu aliwapanga kwa alfabeti ya majina ya utani aliyowapa, si ya majina yao ya kweli. Bentsiwa aliweka mezani vitu viwili, mfuko wa unga na ndoo ya plastiki, akamwambia, "Josiah, nionyeshe ipi ni buluu." Papa alitazama. Aliona fremu na ndoo vimevaa rangi moja, rangi ya kitu kilichotazamwa kupitia chai. Akasema zote mbili ni rangi moja. Bentsiwa alicheka, kisha akaacha. Aliisukuma ndoo pembeni. Halafu akauliza, "Tangu lini?"

Kwa miaka mitatu sasa. Alikuwa anashika gazeti kijiweni na kusoma vichwa vya habari tu, na wenzake walidhani mengine hayamstahili. Mwanga wa nje ulimchoma macho. Ndiyo maana ile karatasi ya Guangdong hakuitazama nje, kivulini, asubuhi, kama alivyowafundisha vijana wa kiwanda chake cha uchapaji kwa miaka thelathini na sita. Aliitazama chumbani, pazia limefungwa. Aliona herufi zimekaa sawa, uso umekaa sawa, fremu ya rangi nzito. Akaona buluu kwa sababu alijua kwamba inapaswa kuwa buluu. Akaandika jina lake lote na tarehe, J. K. Arkaah, 21 Februari, kwenye kila upande, akaikata nusu kwa nusu, akazitia nusu hizo kwenye bahasha mbili, akafunga.

Na Araba hakuifungua ile bahasha. Wala Bango. Mzee ameshatazama, wewe ni nani wa kutazama baada yake? Nusu ya Araba ilikaa kabatini ndani ya bahasha yake, imefungwa, mpaka meli ilipofika, na ikaendelea kukaa hivyo. Ebo naye alipeleka macho yake kiwandani akalinganisha nyeusi na nyeusi, akakuta sawa, na kama aliwaza lolote aliwaza kwamba wazee wa nyumbani wana sababu zao.

Bentsiwa alisema: "Alhamisi, mbele yao wote, mwambie huyo wakala. Usipomwambia, mimi nitamwambia mwanangu." Papa alisema: "Nitasema."

— Ebo hajahongwa, Papa alisema sasa. Ebo alifanya kazi nzuri. Nataka mnisikilize. Ile karatasi...

— Ile karatasi! Wakili alidakia, akageukia wenzake. Huo ni mkono wa mtu anayejua kazi. Mimi nimekaa mahakamani, nimeona sahihi za majaji, zinaonekana kama mende amekanyagwa. Ya Papa unaisoma herufi kwa herufi. Mtu kama huyu anadanganywa na kiwanda? Kiwanda ndicho kimebadilisha!

— Kimebadilisha, Bango alisema. Papa alikuwa anachapa vitabu vya shule, miaka hiyo wao kule hata...

— Nilichapa stempu za posta pia, Papa alisema.

Hakujua kwa nini alisema hivyo. Maneno aliyokuwa ameyaandaa yalikuwa mengine.

— Stempu za posta! Mnaona? Alhassan alisema, akimwongezea kahawa.

Wakati huo ndipo pikipiki ya kukodi iliposimama. Alishuka mtu mwembamba, shati la mikono mirefu, mkoba wa ngozi ya bandia. Aliwasalimu kuanzia kulia kwenda kushoto, kama inavyotakiwa.

— Naitwa Selorm Kwami Agbeko. Natoka Tema, kwa niaba ya mzigo wa Anti Araba Eshun. Ameniambia nimtafute Papa Josiah Arkaah.

— Ni mimi, Papa alisema. Alipenda kwamba mtu huyu ametaja majina yake yote.

Alhassan alimpa kiti na kahawa. Mgeni alipokea mkate kwanza, akautazama mfuko, akauondoa taratibu mkate ukabaki peke yake, akauweka mfuko pembeni uso ukiwa chini.

— Poleni, alisema.

— Hajafa, Bosun alisema.

— Ndiyo, najua. Nisameheni.

Alifungua mkoba, akatoa karatasi tatu.

— Nitasema kwa kifupi, wazee wangu, nina basi la saa sita. Kiwanda kimejibu. Wanasema wamechapa kama karatasi ya sahihi. Wamerudisha nusu yao, hii hapa. Wanasema hivi: kama upande wenu mtakubali kwamba kosa la rangi lilianzia huku, wao watabadilisha bamba moja tu la kuchapia, la fremu na jina, na watachapa upya kwa nusu ya bei. Ni watu wa biashara, wanataka mteja arudi. Lakini kama mtabisha kwamba wao ndio waliobadilisha, basi karatasi hii itazungumza, na jalada linafungwa. Hakuna mazungumzo tena.

— Tukubali kosa? Wakili aliuliza. Kosa la nani?

Bango alitazama viatu vyake. Alikuwa ameshajiandaa kulaumiwa, ilionekana mabegani.

— Si lazima jina, mgeni alisema. Anti Araba ameniambia kitakachosemwa na Papa ndicho chake. Mimi nahitaji jibu la swali moja tu.

Akaiweka ile karatasi juu ya meza ya Alhassan, katikati ya kopo la maziwa na sahani ya mayai. Jua la saa tatu lilikuwa limeipiga sawasawa. Chini kulikuwa na sahihi iliyosomeka herufi kwa herufi. Aliweka kidole chake juu ya fremu.

— Hii hapa ni rangi gani?

Papa aliinama. Mwanga ulimchoma, aliona weupe uliochemka, na ndani yake mstari. Alisubiri. Hakuwa anasubiri kuona, maana Bentsiwa alikuwa ameshamwambia. Alikuwa anasubiri mmoja wao aseme. Walikuwa watu wanne wenye macho mazima, wameinama pamoja naye juu ya meza moja, na alisikia pumzi zao zikisimama, moja baada ya nyingine: ya Bosun, ya Wakili, ya Alhassan. Ya Bango ilikuwa ya mwisho.

Alijua kwamba sasa wameona.

— Nyinyi mnaona nini? aliuliza.

Pikipiki iliyokuwa inaoshwa iliwashwa, ikazimwa.

— Semeni tu, Papa alisema. Mimi nauliza. Kofi, wewe ni mtu wa rangi. Unaona nini?

Bango alifungua mdomo. Alimtazama Wakili. Angeweza kusema neno moja tu, akajitoa yeye mwenyewe kwenye lawama, maana karatasi ile ilionyesha wazi ni nani aliyepaswa kukataa na hakukataa. Alilamba midomo.

— Papa alitia sahihi buluu, alisema kwa sauti ndogo. Basi ni buluu.

— Ni buluu, Wakili alisema haraka.

— Buluu ya zamani hiyo, Bosun alisema. Buluu nzito. Ya kibaharia.

— Kabisa, alisema Alhassan, akaanza kufuta meza mahali palipokuwa pasafi.

Mgeni aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa kijana aliyelelewa vizuri, na hilo lilionekana katika jinsi alivyoshusha macho.

— Papa, alisema. Niandike hivyo?

Hapa ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Papa Arkaah alipajua kama mtu anavyoijua ngazi ya nyumbani kwake gizani. Maneno yalikuwa machache: macho yangu hayaoni, ni nyeusi, kosa ni langu, mchapieni binti upya. Aliyageuza mdomoni. Alisikia jinsi benchi zima lilivyojikaza kumlinda, wanaume wazima wanne wakisema uongo mbele ya mgeni mchana kweupe ili yeye abaki na jina lake. Kuwajibu kwamba wamedanganya ingekuwa ni kuwavua nguo wote. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Na chini ya hayo alijua jambo lingine, dogo na la aibu zaidi: kwamba alifurahi.

— Andika, alisema. Moyoni alijiambia kwamba Araba atasikia kwa mama yake. Bentsiwa amesema atamwambia. Bado kuna leo mchana, watampigia huyu kijana kabla hajafika Tema.

Selorm Agbeko aliandika mistari miwili, akasoma kwa sauti: kwamba upande wa mteja unashikilia kuwa karatasi ya sahihi ni ya buluu na kwamba kiwanda kiliibadilisha rangi. Akageuza karatasi.

— Sahihi hapa, Papa. Tafadhali.

— Wapi?

Mgeni aliuchukua mkono wake, akauweka mahali penyewe. Papa aliandika jina lake lote, na tarehe. Herufi zilikaa sawa.

— Basi wamekwisha! Wakili alisema, akipiga goti lake. Waache wafunge jalada, tuone. Alhaji, kahawa kwa wote!

— Kahawa imekwisha, Alhassan alisema. Imebaki chai.

Mgeni alikunja karatasi zake, akashukuru, akapanda pikipiki. Mkate wake aliuacha mezani. Bosun aliuchukua, akatafuta kitu cha kuufungia, mkono wake ukaufikia ule mfuko, akauacha.

Simu ya Bango ililia. Aliitazama, akasema ni Anti Araba, labda anataka kujua majibu, na akampa Papa. Papa aliishika sikioni. Hakusema kitu zaidi ya "ndiyo", mara tatu, na "saa ngapi". Kisha akamrudishia Bango simu yake.

Ekua Bentsiwa Eshun alikuwa amefariki asubuhi hiyo, saa moja na dakika ishirini, nyumbani kwake New Takoradi.